Kihisi Kinacholala Ndani ya Pipa: Kweli au Uongo?

Nilipomwambia mama mwenye nyumba kwamba nataka kuweka sensa kwenye pipa la taka, alinitazama kwa huruma. "Sensa ya nini tena, mwanangu? Si walishatuhesabu 2022?" Nikamweleza kwamba sisemi ile ya watu na makazi. Nasema kidude kidogo kinachokaa chini ya mfuniko, kinapima pipa limejaa kiasi gani, kisha kinatuma taarifa kwenye simu. Akafikiri kidogo. "Kwani macho yako yana nini?"

Macho yangu hayana neno, ila hayaendi nyuma ya nyumba. Pipa letu ni lile la plastiki lenye magurudumu, la lita 240, linatumiwa na familia nne, na kila mpangaji anaamini mwenzake ameshaliangalia. Gari la taka likipiga honi asubuhi, aliyelala kalala, aliyetoka katoka, na pipa linabaki limefurika hadi safari nyingine. Ndipo nikanunua vipuri Kariakoo nikaanza kuchomea waya usiku. Katika miezi hiyo nimesikia mengi kutoka kwa mafundi, wauzaji na vijana wa vyuo kuhusu vidude hivi. Mengine ni kweli, mengine ni kweli nusu, mengine yanafaa kutupwa humo humo pipani. Nitakiita kihisi, kwa heshima ya mama.

"Kazi ngumu ni kupima."

Uongo. Hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kihisi kinachotumiwa na wengi, HC-SR04, ni kibao chenye maduara mawili mfano wa macho ya bundi. Si macho hata kidogo: moja ni mdomo, la pili ni sikio. Mdomo unatoa mlio wa kilohezi 40, wakati sikio la binadamu linakomea kama 20, na kwa sisi wenye mvi ni chini ya hapo. Mlio unagonga taka, unarudi kama mwangwi, sikio linaudaka. Popo wengi hufanya hivyo kila magharibi bila kusomea.

Hewa ikiwa na nyuzijoto 20, sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde. Taka zikiwa sentimita 60 chini ya mfuniko, mlio unakwenda na kurudi, jumla mita 1.2, kwa milisekunde 3.5 hivi. Chipu inahesabu muda huo, inazidisha kwa mwendo wa sauti, inagawa kwa mbili. Basi. Kihisi hiki husoma kuanzia sentimita 2 hadi mita 4, na pipa letu lina kimo cha mita moja na ushee, kwa hiyo nafasi tunayo. Bei yake haizidi sana sahani mbili za chipsi mayai.

Mtego upo mmoja wa kuangalia. Toleo la kawaida linataka volti 5 na hujibu kwa volti 5, ilhali chipu nyingi za siku hizi zinavumilia volti 3.3 tu. Tafuta lile lenye herufi P mwishoni, HC-SR04P, ambalo hufanya kazi kuanzia volti 3. Utajiokoa na waya kadhaa, na pengine chipu moja iliyoungua.

"Kihisi ndicho kinachomaliza betri."

Uongo, na niliuamini kwa wiki nyingi. Nilidhani kwa kuwa kihisi ndicho kinachotoka jasho, basi ndicho kinachokula. Nilipokaa na karatasi na kalamu, hesabu ikanikana.

Kihisi kikiwa kazini hunywa kama miliampea 15. Vipimo vitano vinakwisha ndani ya theluthi ya sekunde. Sasa geukia chipu inayotuma taarifa. Mimi natumia ESP8266, ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, ambayo tangu 2014 imefanya Wi-Fi kuwa kitu cha bei ya sokoni. Redio yake ikiwaka, hunywa kama miliampea 80 kwa wastani, na hupanda juu zaidi inapotuma. Kuamka, kuitafuta ruta, kuomba anwani, kutuma namba moja na kuaga, yote hayo ni kama sekunde tano. Zidisha: kupima kunagharimu 15 mara theluthi ya sekunde, yaani 5, kutuma kunagharimu 80 mara 5, yaani 400. Kutuma ni ghali mara 80. Kupima ni bei ya karanga. Kusema ndiko kunakofilisi.

Kwa hiyo anayejenga kidude cha betri asianze kwa kuuliza kinafanya nini kikiwa macho. Aulize kinalalaje. Chipu hii ina usingizi mzito ambamo kila kitu kinazimwa isipokuwa saa ndogo ya ndani, na hapo inakunywa kama mikroampea 20, yaani miliampea 0.02. Chukua betri zenye uwezo wa miliampea-saa 2000. Ukiiacha chipu macho mchana na usiku, zinakwisha kwa muda wa siku moja na kidogo. Ukiilaza, ikaamka mara moja kila saa kwa hizo sekunde tano, inakula kama 2.7 kwa siku kwa kazi na 0.5 kwa usingizi. Jumla 3.2. Gawa 2000 kwa hapo: zaidi ya siku 600. Chipu ile ile, betri zile zile.

Najua, hizo ni siku za kwenye karatasi. Betri huchoka hata zikikaa bure, na joto letu halizisaidii. Mimi huhesabu mwaka mmoja na kushukuru.

Unaweza kubana zaidi. Programu yangu inapima kila saa redio ikiwa imezimwa, inalinganisha na kipimo cha mwisho ilichotuma, na kama tofauti haijafika sentimita 5, inarudi kulala kimya. Mara moja kwa siku inatuma salamu hata kama hakuna jipya, nijue ni hai. Kwa mwendo huo matumizi ya siku yanashuka hadi kama theluthi.

Halafu kuna waya mmoja ambao fundi mgeni husahau. Katika ESP8266, saa ya ndani humwamsha mlalaji kwa kupitia mguu uitwao GPIO16, na mguu huo lazima uunganishwe na ule wa RST. Usipouunganisha, kulala kitalala, kuamka hakiamki. Nilikaa siku mbili nikidhani nimeunguza chipu. Nilikuwa nimeilaza tu.

"Betri ikiwa kubwa, tatizo limekwisha."

Uongo wa dukani huu. Betri kubwa kwenye mfumo unaovuja ni tangi la Simtank lenye bomba lililotoboka.

Tundu la kwanza limo ndani ya bodi yenyewe. Bodi za kujifunzia, zile zenye tundu la USB, ni nzuri mezani. Lakini juu yake kuna kidhibiti cha volteji, mara nyingi AMS1117, ambacho hunywa kama miliampea 5 kwa kuwepo tu, chipu ikiwa imelala fofofo. Miliampea 5 kwa saa 24 ni 120 kwa siku. Zile siku zetu 600 za karatasi zimegeuka siku 16. Taa nyekundu ya kuonyesha kuwa bodi ina umeme nayo inakula, na humo ndani ya pipa inawamulikia mende. Dawa ni kununua chipu tupu na kuilisha kwa kidhibiti kisicho na njaa. MCP1700, kwa mfano, hunywa mikroampea 1.6. Kisindikize na kapasita nene, maana redio ikiwaka ghafla inavuta kwa nguvu.

Tundu la pili ni kihisi chenyewe. Nimekitetea hapo juu, lakini ukikiacha kimeunganishwa na umeme kinangoja, kinakunywa hadi miliampea 2 bila kufanya lolote. Hizo ni 48 kwa siku, na betri hazifiki hata miezi miwili. Weka transista ya kukikatia umeme kazi ikiisha.

Na hiyo betri kubwa yenyewe? Nilinunua ya lithiamu aina ya 18650 iliyoandikwa miliampea-saa 9900. Muuzaji aliniapia. Nyumbani nikaipima kwa kuimaliza taratibu, haikufika 900. Baadaye nikajifunza kwamba seli nzuri za umbo hilo, za viwanda vinavyojulikana, huwa kati ya 2000 na 3500 na kidogo, na uzito wake ni kama gramu 45. Ukiona namba kubwa kuliko hizo juu ya kitu chepesi kama kiberiti, unanunua karatasi ya nje. Betri ya mraba ya volti 9, ambayo mafundi wengi huikimbilia, ina kama 500 tu. Ile ya mfano wa sarafu, CR2032, ina kama 220 na haina pumzi ya kuiwasha redio ya Wi-Fi.

Mimi nimeishia kwenye betri tatu za alkali za AA, za dukani kwa Mangi. Sababu ya kwanza ni ulaghai huo, ya pili ni moto. Lithiamu ikipondwa au ikitobolewa huweza kuwaka, na magari ya taka yanayoshindilia mzigo yamewahi kuungua katika nchi nyingi kwa betri zilizotupwa ovyo. Kitu kinachokaa ndani ya pipa la taka, siku moja kitaondoka na taka. Kumbuka maneno haya, tutayarudia.

"Weka laini ya simu, Wi-Fi ya nini?"

Kweli nusu. Moduli za simu zipo na laini hupatikana kila kona. Lakini moduli maarufu ya bei nafuu, SIM800L, inapoita mnara huweza kuvuta hadi ampea 2 kwa mpigo. Ukiipa betri za AA, volteji inaporomoka, moduli inazima, inawaka, inaita tena, inazima. Kwa pipa lililo hatua kumi kutoka ruta, ni kukodi lori kupeleka barua.

Wi-Fi nayo ina mipaka yake. Kwetu ukuta wa tofali za saruji ulikuwa tayari umekula nusu ya mawimbi. Na ukiwa na lile pipa la mafuta la lita 200 lililokatwa mdomo, ukafunika kwa bati, umeiweka redio ndani ya sanduku la chuma. Haisikiki nje. Antena lazima ichungulie nje, hakuna ujanja mwingine. Kwa umbali mkubwa kuna LoRa, mfumo uliobuniwa na kampuni ndogo ya Grenoble, Ufaransa, iliyonunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Huo hutuma ujumbe mfupi sana kilomita kadhaa kwa umeme kiduchu. Kwa mtaa mzima au soko ningeuchagua huo. Kwa nyumba moja ni mzigo, maana lazima uwe na kituo cha kuupokea.

"Kihisi kinaona taka."

Kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonitoa jasho. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na kwa namna fulani kihisi hiki kinaishi kwa methali hiyo: hakijui taka, kinajua uwazi. Kinapima hewa iliyopo kati yake na kitu cha kwanza kinachorudisha mlio. Kitu hicho kinaweza kuwa chochote.

Siku ya tatu simu yangu ilisema pipa limejaa asilimia 95 saa nne asubuhi, saa moja tu baada ya gari kuondoka. Nikaenda kuangalia. Mtu ametupa boksi la televisheni, limesimama wima kama mnara, chini yake pipa tupu. Siku nyingine tulikuwa na godoro la mtoto lililochanika. Sponji inameza mlio, hairudishi kitu, na kihisi kikaripoti shimo lisilo na mwisho. Kipande cha kadibodi kilicholala mshazari hupeleka mwangwi pembeni badala ya juu. Mlio wenyewe hautoki kama mshale. Unatanuka kama mwanga wa tochi, kwa pembe ya nyuzi kama 15, kwa hiyo kihisi kilichobandikwa karibu na ukuta wa pipa husoma ukuta. Kibandike katikati ya mfuniko.

Kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote ni kipimo kimoja cha kichaa kati ya vizuri. Tuseme vipimo vitano ni 61, 12, 60, 61, 59. Hiyo 12 ni nzi aliyepita, au ukingo wa kiroba. Ukitafuta wastani unapata 50.6, na pipa limejaa kwa sababu ya nzi. Vipange kwa ukubwa, chukua cha katikati: 60. Mstari mmoja wa programu, na nusu ya malalamiko yangu yalikwisha.

Mfuniko nao ni wa kuogopwa. Ukiwa wazi, kihisi kinatazama ukuta wa jirani au anga la Mwenyezi Mungu. Niliongeza kiswichi cha kuinama, kile chenye gololi ndani. Mfuniko ukiwa umeinuliwa, kipimo hakihesabiwi.

"Basi tumia leza," aliniambia kijana mmoja wa chuo, na ushauri wake haukuwa mbaya. Vipo vihisi vya leza kama VL53L0X ya STMicroelectronics, vinavyopima muda wa mwanga usioonekana kwenda na kurudi hadi kama mita 2, na havisumbuliwi na sponji. Lakini mwanga unapenya chupa ya maji iliyo tupu, plastiki nyeusi inaumeza, na jua la mchana likiingia mfuniko ukiwa nusu wazi linavipofusha vihisi. Zaidi ya yote, vina kioo. Pipa la taka lina mvuke, na mvuke hugeuka matone. Nilipokijaribu kimoja, kila asubuhi kioo kilikuwa na jasho. Nikarudi kwenye sauti.

"Joto la Dar linaharibu vipimo."

Kweli, lakini si la kukukosesha usingizi. Sauti huongeza mwendo kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzijoto moja. Kati ya asubuhi ya nyuzi 24 na mchana wa 34, kipimo cha sentimita 80 kinayumba kwa sentimita moja na nusu. Pipa jeusi juani, hewa ya ndani ikifika 50, litayumba kama sentimita 4. Ganda moja la embe.

Chumvi ya bahari ndiyo ya kuogopa, pamoja na sisimizi. Nilizipaka bodi rangi ya kucha isiyo na rangi, safu mbili, ya mke wangu. Hadi leo sijamwambia kwa nini chupa iliisha mapema.

"Pipa lisipojaa, halihitaji kumwagwa."

Uongo, na kama kuna sehemu ningependa msomaji aikate na kuibandika jikoni, ni hii. Vifaa vya namna hii vilianza kuuzwa Ulaya na Marekani, ambako taka nyingi ni karatasi, makopo na vifungashio vinavyoweza kungoja. Taka zetu, kwa sehemu kubwa, ni maganda ya ndizi, makapi ya nazi, utumbo wa samaki, ugali uliolala. Hazingoji. Pipa lenye asilimia 15 za vichwa vya vibua lina dharura kubwa kuliko pipa lililojaa vifuu hadi juu.

Nzi wa nyumbani anajua hilo. Mayai yake huanguliwa ndani ya siku moja, na katika joto kama letu safari yote kutoka yai hadi nzi anayeruka huchukua kama wiki moja, siku kumi zikizidi. Ndiyo maana wataalamu wa afya wa nchi za joto hutaka taka za chakula zizolewe walau mara mbili kwa wiki: kuwawahi kabla hawajaota mbawa. Kipimo cha kujaa hakijui lolote kuhusu hesabu hiyo. Pipa la mpangaji anayeishi peke yake halitajaa kwa wiki tatu, na kwa wiki hizo tatu kihisi kitasema kila kitu ni salama huku funza wakihamia.

Dawa yake ilikuwa ndani ya kihisi tayari, na nilichelewa kuiona. Umbali ukiruka ghafla, kutoka sentimita 20 hadi 95, maana yake pipa limemwagwa. Programu ikiandika siku hiyo, inaweza kuhesabu siku zilizopita tangu hapo. Sasa ujumbe wangu una namba mbili: kujaa, na umri. Umri ukifika siku tatu, simu inalia hata kama pipa ni nusu. Ukweli ni kwamba namba ya pili ndiyo wapangaji wenzangu wanayoiangalia. Ile ya kwanza, iliyonigharimu kihisi, transista, kiswichi na rangi ya kucha, wanaipita tu.

"Kupima mara nyingi ni kujua zaidi."

Uongo. Pipa letu linajaa kwa siku nne. Kulipima kila dakika ni kuutazama mhindi ukiota.

"Taka hazina siri."

Uongo. Mwaka 2013 jijini London, kampuni moja ya matangazo iligundulika kwamba mapipa yake 12 ya barabarani, yenye skrini, yalikuwa yakinasa namba za utambulisho za simu za wapita njia kupitia Wi-Fi. Mamlaka ya City of London ikaitaka kampuni iache Agosti mwaka huo. Hayo yalikuwa mapipa ya nje, ya umma.

La nyumbani lina mdomo zaidi. Chora mstari wa vipimo vyangu vya mwezi mmoja na utajua familia ipi ilikuwa na shughuli Jumamosi, siku gani hatukupika, na wiki gani nyumba ilikuwa tupu. Pipa lisilobadilika kwa siku tano ni tangazo kwa mwizi. Ndiyo maana taarifa zangu zinaishia kwenye kompyuta ndogo iliyo ndani ya nyumba, hazipandi kwenye mtandao wa mtu, na wapangaji wote waliulizwa kwanza. Mmoja alikataa. Nikampa namba ya umri peke yake bila michoro, akakubali.

"Kihisi kitaleta gari la taka mapema."

Uongo mtupu, na mama mwenye nyumba aliuona kabla yangu. Katika miji iliyojaribu mapipa yanayojitangaza, faida hutokea pale dereva anapobadilisha njia kufuata mapipa. Philadelphia nchini Marekani, mwaka 2009, iliweka katikati ya jiji mapipa kama 500 ya Bigbelly yanayotumia jua, na mpango ulikuwa kushusha mizunguko ya gari kutoka 17 kwa wiki hadi 5. Wanaouza vihisi hupenda kuutaja mfano huo bila kusema kwamba mapipa yale yanashindilia taka, hivyo kubeba mara kadhaa ya pipa la kawaida la ukubwa ule. Kazi kubwa ilikuwa ya kishindilio.

Gari la mtaani kwetu halifuati pipa langu. Linafuata ratiba yake, mafuta yake, na matope ya barabara ya kwetu masika yakianza. Ambacho kidude changu kinaweza kufanya ni kumuamsha mtu wa zamu usiku wa kuamkia siku ya gari, amwambie mwenzake alisogeze pipa getini. Hilo kimelifanya vizuri.

"Ukishakifunga, umemaliza."

Uongo. Nilikibandika chini ya mfuniko kwa gundi ya pande mbili, na gundi ya pande mbili haiwezani na jua la Februari. Vijana wa gari la taka hawabembelezi pipa. Wanalipindua na kulipiga mgongoni mara tatu. Asubuhi moja, saa moja na nusu, simu yangu ilisema umbali ni sentimita 3, pipa limejaa pomoni. Nilikuwa nimesikia gari likiondoka dakika chache kabla. Nikatoka mbio na kandambili, nikafungua mfuniko. Pipa jeupe, tupu, na alama ya mraba ya gundi. Nilipolifikia gari kwenye kona, kijana aliyening'inia nyuma aliniangalia. "Mzee, umesahau nini?" Nikatazama ule mlima wa tani kadhaa. "Hakuna kitu, mwanangu. Nendeni."

Sasa kipya kimefungwa kwa skrubu na nati, na kimeandikwa namba yangu ya simu kwa wino usiofutika. Kile cha kwanza kilikwenda dampo la Pugu. Nilikuwa nimekiwekea kikomo, kwamba kisipoipata Wi-Fi kwa sekunde kumi kisihangaike, kilale. Bila kikomo hicho kingeita mpaka betri ziishe siku ile ile. Nimepiga hesabu, sikuweza kujizuia. Betri zilikuwa zimefika kama nusu. Hata kikiamsha redio kila saa zinakitosha karibu miezi sita: kinaamka mahali fulani chini ya viroba, kinapima sentimita zake tatu, kinaita jina la ruta ya nyumbani kwetu, kinangoja sekunde kumi, kinalala tena.